Lori la Tano

Gia ilikwaruza uani usiku wa jana, mara moja tu, kisha kimya. Sogea, Azzan mwanangu, nawe Mardhiya nishike mkono, maana nimelijua lile lori kwa sauti yake: ni la tano, la akiba, nalo haliwashwi mpaka mwenzake akwame. Na asubuhi hii nasikia limejaa magunia.

Usiniambie ofisi, Azzan. Najua shirika linataka mahindi ya msaada yafike Saadani kabla masika hayajafunga njia; najua watu wana njaa, na gari tupu mbele ya wenye njaa linatia aibu. Aibu hiyo nimeivaa tangu nilipoanza kupanga safari za malori haya, na sasa ni zamu yako kuivaa. Manne yabebe, la tano lisubiri na minyororo yake na majembe yake, dereva wake alale na viatu. Ukilipakia, nyote mnaondoka bila wa kuwafuata.

Mliyaona ya kaka yenu mkubwa masika yaliyopita. Nilikataa, wakubwa wakalipakia la tano wakalipeleka Ubena. Lori la kaka yenu, mojawapo ya yale manne, likazama kwenye tope jeusi ng'ambo ya Wami, homa ikamkuta humo, na hapa uani hapakuwa na gurudumu la kumfuata. Tangu tumzike, mama yenu Biubwa hataki jina lake litajwe humu ndani. Tunasema "yule". Tunasema "marehemu".

Wakubwa wale nimewasamehe, msiwasumbue. Nyumba igawanywe kwa sheria ya dini, ila mama yenu asihamishwe chumba chake. Spana zangu ni za Mardhiya, maana wewe Azzan unazipoteza kama mtoto apotezavyo kandambili. Usicheke, ni kweli.

Kesho alfajiri mnatoka, na wingu limeshuka tangu jana. Kapakue, mwanangu, kabla sijafumba macho. Mungu awafungulie njia, awarudishe nyote, anayetangulia na anayefuata... Maji, Mardhiya. Kidogo tu. Basi.

Mbona husogei, Azzan? Unaiogopa ofisi? Biubwa, mwambie wewe... mimi pumzi... Umesema nini, mke wangu? Rudia, asikie.

"Kapakue, Azzan. Hilo ndilo lililotakiwa kumfuata Hamoudi."