Rivasi ya Sanduku Iko Wapi?

Benchi ni langu, hilo lieleweke kabla ya yote. Mbao nilinunua mimi, misumari niligonga mimi, na nikaliweka nje ya duka langu la ushonaji ili wateja wapate pa kukaa wakisubiri suruali zao. Mpaka leo hakuna mteja aliyewahi kulipata tupu. Kuna Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye sijui nywele za watu anazinyoa saa ngapi. Kuna Redio, fundi wa redio na simu, aliyeitwa hivyo si kwa sababu ya kazi yake bali kwa sababu hazimiki. Kuna Dada Birika, anayetuuzia kahawa na kutusema. Na kuna Klachi, dereva wa teksi, mwenye lile gari la mraba ambalo mtaa mzima tunaliita Sanduku. Kiwanda bado kinayatengeneza Masanduku hadi leo, kwa jina lile lile, ila la Klachi ni la zamani hasa. Mlango wa abiria haufungiki mpaka uuinue. Kichwa cha gia kilivunjika siku nyingi, akaweka kirungu cha shaba alichokifungua kwenye kitanda chake cha harusi, na mkewe hajamsamehe, kwa kuwa kitanda kimebaki na nguzo moja yenye upara.

Asubuhi hiyo Klachi alikuwa hanywi kahawa yake. Ameishika tu, macho barabarani. Binti yake alikuwa kwenye mtihani wa udereva. Zahanati ilikuwa imeshamwahidi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, ila kwa sharti moja, apeleke leseni kabla ya jioni hiyo, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Amefundishwa na baba yake, kwenye Sanduku lile lile, jioni baada ya jioni, nyuma ya ghala la mbao. Sasa sisi, kwa kumwonea huruma mwenzetu, tukaamua kumpigia soga ili moyo utulie. Ndipo balaa lilipoanzia.

WEMBE: Klachi, wasiwasi wa nini? Si uliniambia hata gari la mtihani ni Sanduku?

KLACHI: Ni Sanduku. Wameleta jipya wiki hii. Nilipoambiwa nilishukuru Mungu. Jina lile lile, umbo lile lile. Ukiliendesha moja umeyaendesha yote.

REDIO: Basi mtoto ameshapita huyo! Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini Sanduku haliishi? Magari mangapi yamekuja kwa mbwembwe, leo hata jina huyakumbuki? Sanduku lipo tu.

MIMI: Vipuri. Unavipata kila mahali.

REDIO: Vipuri! Wewe fundi mawazo yako yanaishia kwenye vifungo. Nisikilizeni. Waliolichora gari lile walikwishakufa, na michoro ikapotea. Pale kiwandani kuna mashine moja kubwa ya kukata milango, nayo inajua mlango ule tu. Hakuna anayejua kuizima. Wataacha vipi kutengeneza?

DADA BIRIKA: Umeyapata wapi hayo?

REDIO: Mambo mengine hayaandikwi, dada yangu.

WEMBE: Uongo mtupu. Sababu ni sura. Mimi vichwa ndiyo kazi yangu, nakueleza. Magari ya siku hizi yote yamenuna, macho yamefinywa kama yanakudai. Sanduku lina macho ya duara. Linakutazama kama shemeji aliyekuja kukusalimia. Nani atamfukuza shemeji?

DADA BIRIKA: Mimi nawajua wanaomfukuza. Sikilizeni niwaambie. Watu wanalipenda kwa sababu halimuumbui mtu. Likiwa limeegeshwa nje, jirani hajui umelinunua juzi au uliachiwa na babu. Umbea unakosa pa kuanzia.

Hapo kidogo nilitaka kumuunga mkono, lakini Wembe hakuwa amemaliza. Alisimama kabisa, na Wembe akisimama ujue tumekwisha.

WEMBE: Na jingine. Mnadhani Masanduku ni mengi? Si mengi hata kidogo! Ni yale yale. Yanazunguka. Likichakaa huku linapelekwa mbali, linapakwa rangi, linarudi tena jipya. Ndiyo maana hayabadiliki. Yatabadilikaje na ni yale yale?

REDIO: Ehee! Basi hata hilo la mtihani...

WEMBE: Hata hilo la mtihani huenda limewahi kukupeleka wewe hospitali kuzaliwa!

Tulicheka mpaka Klachi naye akacheka, akakumbuka kahawa yake, akanywa funda moja. Nikajisifu moyoni kwamba benchi langu linafanya kazi. Wakati huo huo likaegeshwa mbele yetu Sanduku jipya kabisa, linang'aa, akashuka mama mmoja mwenye miwani na gauni mkononi. Alikuwa anataka zipu. Nikalipokea gauni, nikamwambia asubiri, na kwa adabu zangu nikamfukuza Redio kwenye benchi ili mgeni akae. Mteja wa kwanza kulikalia benchi hilo tangu lizaliwe.

MAMA WA ZIPU: Nimewasikia tangu nafungua mlango. Mnasema gari hili halijabadilika?

KLACHI: Hata kidogo, mama. Langu lile pale, na lako hili hapa. Kaka na mdogo wake.

MAMA WA ZIPU: Na gia pia? Lako rivasi iko wapi?

KLACHI: Pale pale siku zote. Kushoto, juu.

MAMA WA ZIPU: Kwangu kushoto juu ni gia ya kwanza. Rivasi iko kulia, chini.

Sisi wengine tulichukua muda kuelewa, ila Klachi alielewa papo hapo. Aliinuka na kikombe chake mkononi, Dada Birika akakichukua taratibu.

KLACHI: Jamani. Jamani mwanangu. Ataambiwa arudi nyuma, ataweka kushoto juu, ataenda mbele. Atamgonga mtu.

MAMA WA ZIPU: Kwani kuna mtu ana mtihani?

DADA BIRIKA: Binti yake. Sasa hivi. Kwenye Sanduku jipya.

MAMA WA ZIPU: Na hamkumwambia?

Mimi nilitazama zipu. Wembe akakaa. Redio, naapa, Redio alinyamaza. Tumekaa asubuhi nzima tunaeleza habari za mashine isiyozimika na magari yanayozunguka dunia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza gia iko wapi.

Redio akatoa simu ampigie. Imezimwa, watahiniwa wanaziacha getini. Klachi akakimbilia gari lake, akafungua mlango, akaufunga, akarudi.

KLACHI: Nikienda nitafika ameshamaliza. Mimi ndiye niliyemwambia, mwanangu usitazame gia, mkono wako unajua. Nilimkataza kutazama! Kila akiinamisha kichwa nilimpiga kofi la begani. Ile kazi ameililia, jamani. Mama yake ameshawaambia majirani wote.

WEMBE: Huenda mtihani hauna kurudi nyuma.

MAMA WA ZIPU: Unao. Tena ndicho kitu cha kwanza.

WEMBE: Mama, na wewe!

Sitaki kusema uongo, ilikuwa asubuhi mbaya. Zipu nilishona, nikaifumua, nikashona tena. Yule mama gauni lake lilikuwa tayari lakini hakuondoka, alikuwa ameshaingia kwenye msiba wetu. Klachi alikaa ukingoni mwa benchi akiusogeza mkono wake hewani, kushoto juu, kulia chini, kushoto juu.

Kisha binti akatokea kwenye kona. Kwa miguu, kichwa chini, viatu mkononi, anachechemea. Dada Birika akasema "Ole wetu," na Klachi akainuka asijue mikono aiweke wapi.

KLACHI: Mwanangu, pole. Kosa langu. Hukuua mtu?

BINTI: Shikamoo baba. Shikamooni baba zangu. Naomba maji kwanza, viatu vya dada vimenitoa ngozi.

Akapewa maji. Akanywa yote, sisi tukihesabu kila funda linavyoshuka. Akafuta mdomo.

BINTI: Nimepita.

KLACHI: Umepita wapi?

BINTI: Mtihani, baba! Nimepita! Leseni ya muda hii hapa, na nimeshapitia zahanati. Jumatatu naanza.

Wembe alipiga yowe mpaka mteja mmoja akachungulia kutoka kwenye kibanda cha kinyozi na sabuni kidevuni, kumbe siku zote alikuwa na mteja. Redio akamkumbatia yule mama wa zipu kwa bahati mbaya. Klachi yeye alikaa chini, akajifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanacheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia macho yaliniuma, na wala sikuwa nimeshika sindano.

KLACHI: Ngoja. Na rivasi? Rivasi ulifanyaje?

BINTI: Rivasi? Niliweka tu. Si imechorwa?

KLACHI: Imechorwa wapi?

BINTI: Pale juu ya kichwa cha gia, baba. Zimechorwa zote, kila moja na mahali pake. Nilipoona kumepangwa tofauti na kwetu nikamuuliza mkaguzi nianze kuzijaribu gari likiwa limezimwa? Akasema jaribu. Nikajaribu.

KLACHI: Kwani zinachorwa?

BINTI: Baba! Hujui?

MAMA WA ZIPU: Hata langu zimechorwa.

Tulikwenda wote kuchungulia dirishani mwa gari la yule mama, vichwa vinagongana. Kweli, mistari ile, namba zile. Halafu tukageuka kulitazama Sanduku la Klachi na kirungu chake cha shaba, kimeng'arishwa na kiganja cha mtu mmoja miaka na miaka. Pale labda ungesoma habari za ndoa yake. Habari za gia hakuna.

DADA BIRIKA: Mrudishie mkeo kirungu chake.

Klachi alikuwa hasikii la mtu. Furaha ilikuwa imempanda. Mama wa mtoto lazima ajue sasa hivi, akasema, si kwa simu, nataka nimwone uso. Akaingia gari lake, lililolipa benchi mgongo, akawasha, huku bado anajisemea ile michoro, kushoto juu gia ya kwanza, kulia chini rivasi, ajabu kweli, kushoto juu gia ya kwanza. Na mkono ukaweka kushoto juu.

Sanduku likarudi nyuma. Halikuja kwa kasi, lakini lilikuja. Tuliruka kila mtu na upande wake, benchi langu likalala chali, na meza ya Dada Birika ikaenda chini na birika, vikombe na kahawa yote ya siku ile. Gari likazimika lenyewe. Hakuna aliyeumia. Kahawa ilipita katikati ya viatu vyetu ikielekea mtaroni.

DADA BIRIKA: Klachi! Mwanao apate leseni, wewe unyang'anywe!

REDIO: Imekwisha yote?

DADA BIRIKA: Ramba basi kama unaitaka!

Wembe alikuwa amekaa chini barabarani, amejishika mbavu, hana sauti tena ya kuchekea. Binti akavaa viatu vyake taratibu, akaenda kwenye dirisha la dereva, akainama.

BINTI: Baba, shuka.

KLACHI: Nimejisahau tu.

BINTI: Najua. Shuka, baba. Nakupeleka mimi.

Akashuka. Hakubisha, na Klachi ni mtu wa kubisha. Akalizunguka gari lake akiligusagusa kwa kiganja, akakaa upande wa abiria, upande ambao sisi sote tumekaa kwa mvua na jua, kwa harusi na kwa homa, yeye hajaukalia hata siku moja. Binti akashika kirungu cha kitanda cha wazazi wake, hakukitazama. Klachi akavuta mlango. Haukufungika. Akavuta tena kwa nguvu. Ukagoma. Miaka yote ile alikuwa akiinama kutoka kwenye usukani na kuuvuta kwa kamba tu, anayeuinua ni abiria.

KLACHI: Mwanangu, hivi mlango huu unafungwaje?

Binti alifungua mdomo kumjibu, lakini tulimuwahi. Benchi zima tulijibu kwa sauti moja, mama wa zipu akitufuatisha:

— Inua kwanza, ndipo uvute!