Mama Mligo na Kurasa za Nyuma

Mama Feliciana Mligo anastaafu tarehe 30 Juni 2026, baada ya kulitumikia Shirika la Faraja Majumbani kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1999 kama mhudumu wa wagonjwa majumbani, akamaliza kama mtunza kumbukumbu wa ofisi yetu ya Makambako.

Wakati anaanza, Wanging'ombe yote ilikuwa yake. Alivaa sweta mbili na kutembea na daftari mfukoni. Wagonjwa hawakuwa na cha kumpa isipokuwa viazi, naye hakujua kukataa. Siku moja huko Igwachanya mwenye bodaboda alipima mzigo kwa macho, akamwambia achague: vipande viazi au apande yeye. Mama Mligo alipanda kilima kwa miguu, viazi vikiwa vimetangulia.

Miaka hiyo daftari la kila mgonjwa lilibaki nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe. Mkwe alilifungua, watoto walilisoma kwa sauti. Kwa hiyo Mama Mligo alibuni namna yake. Kurasa za mbele aliandika mavuno, mvua, kikohozi. Ukweli aliuandika nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho. Kila mhudumu aliyefundishwa naye alijua kwamba ukifika, unageuza daftari kwanza. Siri nyingi za familia za uwanda huu zimelindwa hivyo.

Mwaka 2024 madaftari yalichapwa kwenye kompyuta, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma. Mwaka uliofuata tukafunga chombo kinachowaruhusu mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazotupangia ratiba, kusoma maelezo ya mgonjwa kipande kwa kipande. Wakala hupewa kipande cha kwanza. Akiona kinatosha, haombi kingine. Tulikisifu: kilikuwa chepesi, na hakikufunua zaidi ya kilichohitajika.

Kuna mgonjwa tutakayemwita Idda. Si jina lake. Mama Mligo ndiye aliyelichagua. Kipande cha kwanza kilisema anaendelea vizuri, amevuna viazi, anacheka. Wakala akampangia kutembelewa baada ya miezi mitatu. Mwisho kabisa wa maelezo yake palikuwa na maneno haya: "Mume hajui. Dawa anatunziwa na jirani. Jirani anahamia Songea mwezi huu. Apitiwe kila wiki."

Mama Mligo alipiga simu ofisi ya Njombe mara mbili kuuliza mbona Idda hayumo kwenye orodha ya wiki. Mara zote mbili nilipokea mimi, wa kitengo cha takwimu. Nilimjibu, "Mfumo umeshasoma, mama." Akauliza, "Umesoma mpaka wapi?" Nikacheka kidogo, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Idda alikaa wiki kumi na moja bila dawa. Alifia hospitalini mwezi Agosti, akaacha watoto watatu.

Kamati iliundwa. Ikasema maelezo yaliandikwa kinyume cha utaratibu, na mwezi Novemba Mama Mligo akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake. Alisaini kuipokea, akaomba ufunguo wa stoo ya madaftari.

Kuanzia Januari hadi Aprili alisoma maelezo ya wagonjwa wote 412, akilinganisha kila moja na daftari lake, na kila onyo lililokuwa mwisho akalipandisha juu. Hakuna aliyemtuma. Alikuta wengine sita waliokuwa hatarini. Watano tuliwafikia. Wa sita tulikuta ameshazikwa.

Wasifu wa mstaafu huandikwa kwa furaha, na ningependa huu uwe hivyo. Lakini siwezi kuhesabu miaka yake nikaruka jambo hili: kipande kile cha kwanza kilikuwa na mistari thelathini, na kikomo hicho nilikiweka mimi, kwa sababu mtandao wa Makambako ulikuwa mzito na nilitaka ratiba itoke haraka. Sikuwahi kufungua daftari hata moja. Kamati iliniuliza kuhusu mwandiko wake, haikuniuliza kuhusu kikomo changu, nami nikanyamaza miezi saba. Tarehe 8 Juni nilimkabidhi mkurugenzi maelezo yangu kwa maandishi, nikiomba barua ile iondolewe. Sijajibiwa.

Kesho yake nilipanda basi hadi Makambako kumwambia mwenyewe. Alinisikiliza akiwa anafunga madaftari kwa kamba. Aliendelea kufunga hata nilipomaliza. Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Ila usinitoe mimi kwenye lile faili la onyo ukamwacha Idda humo peke yake."

Nimeandika, na Idda nimemwandika.

Mama Mligo, asante kwa wagonjwa uliowafikia na kwa wahudumu uliowafundisha. Leo unaporudi kwenu Uwemba barua ile bado imo kwenye faili lako, na sisi tunaobaki tutaendelea kudai itoke. Tunakuombea magoti yapone, mahindi yastawi, na simu yako isipigwe tena na ofisi isipokuwa kukusalimu. Kwa salamu yetu ya huku, kamwene, mama. Uwe na maisha mema.

Lidia Mgaya
Kitengo cha Takwimu, Njombe