Samaki Ana Geti?

Kijiwe chetu kipo pale daraja linapoishia, kati ya banda langu la kunyolea na karakana ya Cheche, mchomelea mageti. Kahawa anapika Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini anatugombeza wote kana kwamba ndiye aliyetulea. Chini yetu unapita mto, na huko juu kuna bwawa la umeme. Juzijuzi wenye bwawa wamebadili mtindo wa kufungulia maji, wanasema ni kwa ajili ya samaki, na tangu hapo kijiweni hakukaliki. Mimi mwenyewe nimewahi kumwacha mteja na kichwa nusu nikatoka kubisha. Mteja akanifuata na shuka shingoni, naye akabisha.

— Samaki, samaki! — Cheche alianza kabla hajakaa. — Umeme unafifia saa za kazi, geti la watu limelala pale nusu, eti maji wamepewa samaki. Samaki ana geti?

— Hana geti, ana mayai, — alijibu Mzee Gamba.

Mzee Gamba anashona viatu. Zamani alikuwa mvuvi wa mto huuhuu, na jina alipewa kwa sababu ya magamba yaliyomganda mikononi hata akiwa harusini. Samaki walipoisha akahamia kwenye viatu, ila wavu wake hakuuza. Siku hizi anaushona wavu, viatu vya watu vinangoja, na wenye viatu wanapita na ndala wakinung'unika.

— Nyie mlikuwa hamuoni? — aliendelea. — Jioni mji ukiwasha taa, bwawa linafunguliwa, maji yanapanda mpaka majanini. Samaki anafurahi, anataga palepale. Watu wakilala, maji yanafungwa. Asubuhi mayai yako juani, yamekauka. Kila siku hivyohivyo! Sasa wanayaachia taratibu, hawayakati, mpaka vifaranga vitoke.

— Mzee, hiyo ni nusu ya habari, — alisema Profesa.

Profesa ni fundi cherehani. Husoma magazeti anayofungia nguo za wateja, ndiyo maana habari zake nyingi hazina mwisho.

— Tatizo ni maji yenyewe. Umeme unatoka wapi? Kwenye maji. Ukishautoa, kinabaki nini? Makapi! Samaki anaogelea kwenye makapi, nguvu ya kuzaa ataipata wapi?

— Ndo maana siku hizi kahawa inachelewa kuchemka! — Cheche akadakia.

— Kahawa yangu iacheni, — Shangazi alisema. — Kuni ulizoahidi kunipasulia ziko wapi?

Cheche akajifanya hakusikia. Nami nikaona nisipitwe.

— Na ile honi wanayopiga kabla ya kufungulia maji? Mnadhani wanatuonya sisi tulio mtoni? Thubutu! Wanawaita samaki. Wanawazoesha, kama kuku na mtama.

— Kinyozi leo umeongea! — Profesa alinipa mkono. — Basi wote wameshaitwa, wako bwawani. Wakubwa wanakaanga, sisi tunapigiwa honi.

— Au wamehama, — Cheche akaongeza. — Samaki si mjinga. Kuna bibi yao mmoja aliwakalisha wajukuu akawaambia, mto ule maji yake hayana umeme, msikanyage.

— Wakanyage na miguu gani? — Shangazi aliuliza.

Tukacheka mpaka Profesa akamwaga kahawa. Mzee Gamba hakucheka. Alikuwa akikaza fundo la wavu kwa meno. Cheche alimwona, akapunguza sauti.

— Mzee wangu, mimi nakupenda, na ndiyo sababu nakwambia. Uza huo wavu. Wale hawarudi.

— Watu wa bwawa wamesema msimu huu tusivue, na sitavua, — alisema Mzee Gamba. — Naushona tu. Siku samaki wakirudi, wasinikute sina hata cha kuwapokelea.

Mimi roho iliniuma, maana miaka yote tumemtania kwa wavu ule na hakuna aliyemuuliza kwa nini anautunza. Nikamsogezea kikombe changu.

Ndipo akatokea mama mmoja kwenye ngazi za mtoni, buti zimejaa matope, ndoo mkononi. Hatukuwahi kumwona.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu, — alisema Mzee Gamba.

— Nimetumwa na watu wa bwawa kuangalia majani ya hapo chini. Jamani, samaki wamejaa! Wadogo kama punje za mchele, kila mahali. Nimemchukua huyu mmoja aliyekua kidogo, nitamrudisha sasa hivi. Mimi mgeni wa mto huu. Hivi huyu mnamwitaje?

Akaweka ndoo chini. Tuliinama wote. Kisamaki kilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, kinazunguka ndoo kwa haraka. Profesa alimtazama Cheche. Cheche akanitazama mimi. Mimi mto huu nimeukuta hauna kitu, ningejua nini? Sote tukamgeukia Mzee Gamba.

Alikuwa amepiga magoti, kidole ndani ya maji, na kile kisamaki kinakidonoa. Machozi yalimtoka waziwazi, hata hakuyafuta. Ilionekana jina la samaki yule analijua.

— Ngoja, mwanangu, — alisema. — Ngoja kwanza.

Tukangoja. Cheche alivua kofia. Shangazi aliacha kahawa ichemke mpaka ikamwagika motoni, na kwa mara ya kwanza hakumgombeza mtu.