Chumvi Niliyoikataza Duarani

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mke wangu ameshanikonyeza nisizidishe. Sijazoea kusimama mbele za watu. Nimezoea kushuka chini. Lakini jambo hili limenikaa kifuani tangu mavuno, na leo nalitoa.

Wengi mnajua mimi ni mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Miaka yangu mingi imeishia kwenye maduara ya Mwakitolyo, yale mashimo marefu tunayoshuka kwa kamba. Duara letu la mwisho tulikuwa watu saba, mimi nikiwa kiongozi. Tulichimba miezi mitatu bila kuona hata chembe ya dhahabu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: Jumapili nilisali hapa, Jumatatu nikaenda kwa mganga. Msigune. Wengine mnaoguna tulipishana mlangoni kwake.

Mganga akasema dhahabu yetu inaogopa chumvi. Anayeshuka asiionje mpaka mwamba utoe. Nikarudi nikatangaza amri. Mke wangu ndiye alikuwa akitupikia, akaniuliza, "Baba Kulwa, mlenda bila chumvi, kwa watu wanaotoka jasho hivyo?" Nikamjibu vibaya: "Wewe pika, mambo ya duara niachie." Akapika. Tukala chakula chapwa wiki mbili.

Sasa kule chini joto lake si la mchezo. Dakika chache tu, suruali imeloa. Kiu ikawa kali, na mimi nikajisifu kwamba nakunywa maji kuliko wote. Dumu la lita tano linaisha kabla ya saa sita mchana, naagiza jingine. Misuli ya miguu ikaanza kukaza. Vijana wakilalamika nawaambia hiyo dalili, dhahabu iko karibu. Heh! Kichwa kikiniuma, nakunywa maji. Nikitapika, nakunywa tena maji.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja. Sitamtaja jina, na naona ameshaanza kuangalia viatu vyake. Huyo hakuwahi kulalamika misuli. Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya turubai anatafuna dagaa wa chumvi, amewafungia kwenye kitambaa. Nilimpokonya nikawamwaga mchangani. Nikamwita msaliti mbele ya wote. Akasema taratibu, "Kaka, bila chumvi miguu inanigomea." Nikamwambia, "Ondoka, nisikuone tena hapa." Nikashuka na hasira zangu.

Siku hiyo nilikunywa maji kuliko siku zote. Ilipofika saa nane mchana nyundo ikanishinda. Haya yanayofuata nimesimuliwa. Nilianza kuongea na marehemu mama yangu, nikawaita wenzangu kwa majina ya ng'ombe wa baba. Wakacheka. Halafu nikaanguka, nikatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Mmoja akapiga kelele, "Mpeni maji, ni kiu hiyo!"

Yule niliyemfukuza hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa mdomoni mwa duara, amenuna. Aliposikia kelele akashuka, akalisukuma lile dumu pembeni. "Mtu hajitambui mnamnywesha, mnataka afe?" Akanifunga kamba, wakanivuta juu. Akanipandisha kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye nyuma amenikumbatia, hadi kituo cha afya. Pale wakaniweka kwenye gari, wakanipeleka hospitali mjini Shinyanga.

Nilizinduka siku ya pili. Mke wangu yuko kando, macho yamemvimba. Daktari, binti mdogo kabisa, akauliza nilikuwa nakula nini. Nikaona aibu nikageukia ukutani. Mke wangu akamweleza yote. Nikajua sasa nitachekwa. Yule binti akavuta kiti.

"Baba, mwili wako kazi yake kubwa ni kukuweka sawa ndani, hata nje kukiwaje," akasema. "Kukiwa na joto unatoa jasho upoe. Jasho linaondoka na chumvi. Figo zikajitahidi kuibana ile iliyobaki. Lakini wewe hurudishi chumvi, unamimina maji tu, na damu ikawa kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni akiingia. Maji yakaingia mpaka kwenye ubongo, ukavimba." Akanishika mkono. "Mwili haukukosea. Umekupigania wiki mbili. Wewe ndiye uliunyima vifaa."

Ndugu zangu, nililia. Nilikuwa nimezunguka kwa waganga nikitafuta wa kunisaidia, kumbe humu ndani kuna kazi inafanyika hata nikiwa nimelala, na mimi naivuruga kwa amri.

Ndipo nikawakumbuka wale vijana watano. Nikawapigia simu. Wakakubali kusimamisha kazi, lakini chumvi wakaikataa katakata. "Kiongozi bado anaweweseka," wakaambiana. Amri yangu mwenyewe ilikuwa na nguvu kunishinda.

Siku niliyoruhusiwa sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja duarani, nikakaa pale mdomoni, nikawaita wote. Nikamgeukia yule mwenzetu. "Dagaa wako wapi?" Akatoa kile kitambaa mfukoni. Alikuwa amewaokota, jamani! Wana mchanga vile vile. Nikala mbele yao, mchanga unalia menoni, machozi yananitoka. Wakanitazama kama wanangoja duara liporomoke. Halikuporomoka. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akachukua dagaa. Halafu mwingine.

Dhahabu? Ilitoka kidogo baadaye, na haikutuuliza tumekula nini. Siku hizi tunashuka kwa zamu fupi, tunapumzika juu, tunakula chakula kilichokolea, na maji tunakunywa kwa kiasi. Na wewe mama mwenye presha pale, usitoke hapa ukajimwagie chumvi! Wewe fuata ulichoambiwa na daktari wako. Ninachosema ni kwamba mwili una kipimo chake. Ukikulalamikia, usikilize, usiuambie unyamaze. Na mtu akikulalamikia, vivyo hivyo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi na yule daktari binti. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia mapema nikamkatisha. Wabeja sana, Mama Kulwa.

Limebaki moja. Wewe kaka unayeangalia viatu, msamaha nilikuomba hospitalini, tukiwa wawili tu. Lakini msaliti nilikuita mbele za watu. Hiyo si haki. Kwa hiyo nakuomba tena hapa, wote wakisikia: nilikukosea, na wewe ukanibeba. Nisamehe.

Tukitoka hapa usiende kwako. Mama Kulwa amepika dagaa, na safari hii nimeonja mwenyewe. Chumvi ipo.