Vidonge Ndani ya Soksi

Wapendwa, kabla hamjaniitikia amina, subirini kwanza. Baba mchungaji amenipa dakika kumi na sauti yangu haina nguvu, kwa hiyo wa nyuma sogeeni. Wengi mnakumbuka nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameniponya. Mlipiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu wakagonga sakafu. Leo nimerudi kuurekebisha ule ushuhuda, kwa sababu nusura uniue.

Mimi ni mlinzi. Tangu nitoke kwetu Uvira, Kongo, nifike huku Afrika Kusini, kazi yangu ni geti. Nilikuwa zamu ya mchana kwenye ghala moja kule Midrand: lori linaingia, unaandika namba, lori linatoka, unaandika tena. Siku moja namba zikaanza kuonekana mbili mbili. Nikasema ni jua. Wiki ile ile kope la jicho la kushoto likaanza kushuka lenyewe kila ikifika saa nane. Asubuhi liko juu, mchana limelala. Ndugu zangu, nawaambia, nililishikilia kwa kidole huku mkono mwingine unaandika.

Kamera ikaniona. Bosi akaniita ofisini, akanionyesha picha kwenye kompyuta: mimi, wima, macho yamefumba. Nikamwambia silali, naumwa. Lakini siku hiyo ulimi nao ulikuwa mzito, maneno yananitokea puani. Akasema, kumbe na pombe pia. Mimi, ambaye hata harusini nakunywa Fanta! Nikavua sare siku ile ile.

Na ninyi mlisema yenu, msiangalie chini. Wengine mlisema kuna mtu wa ukoo amenitupia kitu kutoka nyumbani. Mimi mwenyewe niliamini hivyo wiki nzima.

Mke wangu, huyu anayeshona pale dirishani kwetu Joubert Park, ndiye aliyenivuta hospitali. Daktari akaniambia nitazame dari bila kushusha macho. Haikufika dakika, makope yote mawili yakaanguka. Baada ya vipimo akatuandikia jina kwenye karatasi, maana kulitamka tulishindwa: myasthenia gravis. Akaeleza kwamba kinga ya mwili, ambayo ingepaswa kunilinda, inazuia amri za mishipa ya fahamu zisifike kwenye misuli. Nikacheka, nikasema basi walinzi wangu wanawafungia geti wenye nyumba. Yeye hakucheka. Alisema ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza, una dawa ya kuishi nao. Vidonge vya kumeza kila baada ya saa nne, na vingine vya asubuhi, ambavyo alinionya nisiviache ghafla hata siku moja.

Jumapili iliyofuata nikameza, nikaja ibadani. Kope likapanda. Mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Jamani, tazameni jicho la baba huyu!" Nikaitwa mbele. Nilitaka kusema nimepata dawa. Mdomo ukasema nimepona. Niliitwa mlevi, nilifukuzwa kazi, na siku hiyo kila mtu alikuwa anataka kunishika mkono. Nawaambia ukweli, utamu ule niliupenda.

Na mnajua desturi yetu. Aliyeshuhudia kupona haonekani na dawa. Akikutwa nayo, tunasema imani yake imetoboka. Basi nikaanza kuficha vidonge ndani ya soksi. Katikati ya ibada natoka, naenda chooni, nameza bila maji. Kisha mkaanza kuniletea wagonjwa niwaombee. Mimi! Nimewawekea mkono kichwani, na mguuni kidonge kinanichoma. Aibu ikanizidi. Wiki ya mfungo mkavu, ule wa bila chakula wala maji, nikajisemea: ama nimepona, ama nimemdanganya Mungu. Nikaacha dawa zote.

Siku ya tatu tulikuwa hapa tunaomba. Shingo ikashindwa kubeba kichwa, nikakishika kwa mikono miwili. Mkafikiri ni Roho. Mate yakanishinda kumeza. Nikataka kumwambia mke wangu siwezi kupumua, sauti haikutoka, na ninyi mlikuwa mnaimba. Nimekulia kando ya ziwa, watu waliozama nimewaona. Sikujua mtu anaweza kuzama amekaa kwenye kiti, ndugu zake wamemzunguka. Niliogopa, wapendwa. Niliogopa kufa nikiwa mwongo.

Mke wangu ndiye anayefua, siri ya soksi alikuwa anaijua. Alinivua kiatu, akapapasa. Hakukuta kitu. Akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Ndugu mmoja mwenye taxi akanibeba mgongoni mpaka garini, tukapita taa nyekundu zote za barabarani, hizi robot, mpaka hospitali.

Siku tisa mashine ilinipumulia. Mpira uko kooni, macho hayafunguki, lakini masikio yanasikia. Nikamsikia muuguzi akimuuliza mke wangu, "Mama, dawa aliacha lini?" Akajibu, "Aliacha siku alipoanza kuona aibu."

Nilitoka nimebaki mifupa. Miadi ya hospitali inachukua miezi, na ngazi za jengo letu sikuziweza. Yule muuguzi akatuunganisha na daktari bingwa anayeona wagonjwa kwa video. Mke wangu anaegemeza simu kwenye cherehani, binti yetu anatafsiri. Daktari ananiambia nitazame juu. Kisha nihesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Mara ya kwanza nilifika tisa, nikalia. Sasa nafika thelathini na mbili. Majuzi nikashikwa na kikohozi, mwenye kiduka cha spaza pale mtaani akaniuzia dawa. Zamani ningemeza tu. Nikapiga picha pakiti, nikamtumia daktari. Chai haijapoa, akajibu: usimeze hiyo, itakulaza tena.

Sijapona. Wa nyuma mmesikia? Sijapona. Jioni nyama siwezi kuitafuna, kazi ya geti imekwisha, nakaa nyumbani namshonea mke wangu vifungo, nikifikisha vitano napumzika. Kuna siku nachukia hata kuamka. Lakini naamka.

Namshukuru Mungu, na sasa sifichi alipitia kwa nani. Asante ndugu wa taxi. Asante muuguzi. Asante daktari ambaye sijawahi kumshika mkono. Mama watoto, wewe sina neno linalokutosha.

Na wewe uliyekaa hapo na soksi yako, najua sikuwa peke yangu. Humu ndani kuna vidonge vya presha, vya sukari, na vile ambavyo hatuvitaji. Vitoe, ndugu yangu. Mungu hakuonei aibu. Baba mchungaji, nakuomba kwa heshima, mfungo ujao ukitangazwa, tangaza pia kwamba mwenye dawa ameze dawa.

Simu inayolia hiyo ni yangu. Imefika saa tano. Mama watoto, niletee maji. Kwaya, msiimbe kwanza. Siku ile mlinitazama nikidanganya, basi leo nitazameni nikimeza.