Sumu ya Mbweha wa Chanika

Felicitas aliishiwa uvumilivu kabla treni haijafika Pugu. Miaka mitatu alikuwa akipima damu ya mbweha wanaozidi kuenea Chanika, na sasa mzee Taiyeb, mfuga kuku waliyefahamiana mle behewani, alikuwa amepakata sumu ya kuwamaliza.

"Mzee wangu, wote wametokana na mbweha wachache tu," alisema. "Sisi watafiti tulitegemea kinga zao zifanane, ugonjwa mmoja uwafagie. Kumbe wanaofanana ndio wanaokufa, wenye kinga tofauti wanabaki na kuzaa."

"Kwa hiyo wanazidi kuwa wagumu, na mie nifurahi?"

"Sumu haichagui, mzee! Utaua hao hao walioushinda ugonjwa, halafu waje mbweha wageni wenye ugonjwa, wamwambukize mbwa wako."

"Mbwa gani, binti? Wangu kafa Jumatatu. Katetemeka siku tatu, makamasi yanamtoka."

Felicitas alifungua daftari lake la vipimo. Dalili hizo alizijua vizuri mno: ndizo za ugonjwa ule ule wa mbweha.

Treni ikasimama Pugu. Mzee Taiyeb akainuka na mfuko wake wa sumu.

"Geti la kijani, nyuma ya msikiti. Njoo unionyeshe njia nyingine ya kulinda kuku wangu; nakusubiri mpaka kesho saa nne asubuhi. Usipokuja, naitega sumu."