Rostislav Zbořil na Tupa Yake

Marehemu baba yetu, Rostislav Zbořil, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kyjov, Moravia, akiwa mtoto wa kwanza wa mhunzi Metoděj na mkewe Hedvika. Mdogo wake wa pekee, Ctirad, alizaliwa miaka mitano baadaye. Bibi alizoea kusimulia kwamba Rostislav alitamka "msumari" kabla ya "mama", na wala hakumwomba radhi.

Baada ya shule ya kijijini alikwenda Brno mwaka 1955 kusomea ukerezaji wa vyuma, akahitimu 1958. Huko mwalimu wake alimpa kanuni aliyoishi nayo: pima, nusa, kwaruza kwa tupa, ndipo useme. Kwenye chuma kigumu tupa huteleza. Kwenye chuma laini huuma.

Tangu 1960 hadi alipostaafu 2001 alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya matrekta. Lakini kazi iliyompa jina aliifanyia jikoni kwetu, siku za Jumapili. Wenye magari ya zamani walimletea gia, vali na springi ambazo hakuna aliyejua zilitoka kwenye injini gani. Alizigeuzageuza dirishani huku supu ikipoa. Neno "sijui" halikumtoka. Alisema, "Bado hakijaniambia," akakiweka chuma hicho kwenye rafu. Bwana mmoja alisafiri kutoka Slovakia na chuma alichokifunga kwenye taulo kama kichanga. Baba alikinusa mara moja tu. "Ndugu yangu, hiki ni kishikio cha jiko. Mrudishie mama mkwe wako." Na ilikuwa kweli.

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa kanisani na Květoslava. Walijaliwa watoto wawili: Radana, ndiye mimi ninayesoma, na Hynek. Mama alivumilia rafu tatu za vyuma, kisha akachora mstari wa chaki ukutani visiuvuke. Havikuuvuka, ila vilihamia kwenye kabati la sahani.

Kuna jambo ambalo mama ameniagiza nisiliruke. Mei 2006, kwenye mnada wa vipuri vya zamani, baba mdogo Ctirad alimwonyesha baba gia aliyoiokota, akiitaka kwa pampu ya oili ya gari lake dogo jekundu la mwaka 1934. Watu walikuwa wamewazunguka, wakisubiri neno la bingwa. Baba alihesabu meno, akapima tundu, akatangaza, "Ndiyo yenyewe. Funga!" Hakuikwaruza. Kumbe ilikuwa gia ya mashine ya kutenganisha malai na maziwa, chuma laini. Mwezi wa Agosti, kwenye msafara wa magari ya zamani, meno yalilika, oili haikupanda, na injini ikanoki katikati ya mlima, kijiji kizima kikitazama.

"Kaka, wewe hutambui vyuma," baba mdogo alimwambia. "Unapiga ramli."

"Na wewe hujui kuendesha," baba akajibu.

Hawakusemezana kwa miaka kumi na sita. Kanisani waliketi benchi moja, mama katikati. Ctirad aliitengeneza injini yote ila gia. Mkerezaji alipojitolea kumchongea mpya, alikataa: "Aliyeharibu bado yu hai." Baba alijua kosa ni lake. Alimwambia mama, Ctirad mwenyewe hakumwambia. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Badala ya neno moja, alikuwa akitafuta gia, mnada baada ya mnada.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, na mwaka uliofuata mapafu yakadhoofu. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 Hynek alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mnadani, na humo, ndani ya kreti la bawaba kuukuu, aliipata. Tupa iliteleza. Kwa kuwa hakuweza tena kuandika, alinitajia maneno niyaandike kwenye kikaratasi: "Ya Ctirad. Nimeikwaruza."

Baba mdogo alifika hospitalini tarehe 30 Oktoba. Alikisoma kikaratasi, akatoa tupa mfukoni mwa koti, akaikwaruza gia yeye mwenyewe.

"Huniamini hata nikiwa kitandani?"

"Ukiwa kitandani ndiyo sikuamini kabisa, kaka."

Baba alicheka hadi muuguzi akaja mbio. Kisha akasema, "Nisamehe, Ctirad." Sisi wanawe tulikuwa hatujawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Alifariki tarehe 8 Novemba 2022, saa nne asubuhi, sote tukiwapo.

Ameacha mjane, Květoslava, watoto wawili, Radana na Hynek, wajukuu watatu, na mdogo wake, Ctirad. Ameacha pia vyuma arobaini na kimoja ambavyo bado havijamwambia mtu. Gari jekundu lililotangulia jeneza lake leo lilifungwa gia ile juzi, na limeupanda mlima uleule bila kusita. Mungu, asiyehitaji tupa kumtambua aliye wake, ampumzishe kwa amani.